Sekunde 47 za dereva: jinsi mbio za magari zilivyopata walimu

Mwaka 2004 mtangazaji wa televisheni wa Uingereza, Jeremy Clarkson wa kipindi cha Top Gear, alikwenda Ujerumani na lengo moja: kuuzunguka uwanja wa Nürburgring chini ya dakika 10 kwa Jaguar S-Type ya dizeli, gari la mtu anayekwenda ofisini na kurudi. Mwalimu wake alikuwa Sabine Schmitz, aliyekulia palepale kijijini Nürburg na aliyekwisha kushinda mara mbili mbio za saa 24 za uwanja huo, mwaka 1996 na 1997. Baada ya mafunzo na majaribio mengi, Clarkson alipata dakika 9 na sekunde 59. Kisha Schmitz akaingia kwenye gari lilelile, akatumia dakika 9 na sekunde 12.

Injini ilikuwa ileile na lami ileile. Sekunde 47 zote zilikuwa za dereva.

Mtu anayelipia siku ya kukimbiza gari lake uwanjani kwa kawaida huzitafuta sekunde hizo dukani. Hununua tairi laini zaidi, springi ngumu zaidi, pengine na injini yenye nguvu zaidi. Wazo kwamba zinaweza kufundishwa, tena darasani na kwa ada, lilichelewa sana kuja. Magari yalikwisha kushindana tangu karne ya 19, lakini shule za madereva wa mbio zilishika mizizi katika nusu ya pili ya miaka ya 1950.

Kutazama na kunusurika

Brooklands, kusini mwa Uingereza, ulifunguliwa mwaka 1907 ukiwa uwanja wa kwanza duniani kujengwa mahususi kwa mbio za magari. Nürburgring ukafuata mwaka 1927, na tangu mwanzo mwananchi wa kawaida aliruhusiwa kulipa kiingilio na kuuzunguka kwa gari lake. Viwanja vilikuwepo, walimu hawakuwepo. Dereva alijifunza kwa kutazama waliomtangulia na kwa kunusurika makosa yake mwenyewe. Aliyekwenda kasi alisemwa ana kipaji, na mjadala uliishia hapo.

Mmoja wa waliokataa uishie hapo ni Piero Taruffi, Mwitaliano aliyesomea uhandisi. Mei 12, 1957, akiwa na umri wa miaka 50, alishinda Mille Miglia, mbio za takriban kilomita 1,600 katika barabara za kawaida kutoka Brescia hadi Roma na kurudi. Siku hiyohiyo tairi la Ferrari ya Alfonso de Portago lilipasuka karibu na Guidizzolo. Dereva huyo, msaidizi wake na watazamaji tisa wakafa, baadhi yao watoto. Italia ikazipiga marufuku mbio hizo, naye Taruffi akaachana na mashindano. Kitabu chake kuhusu ufundi wa kuendesha gari la mbio kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1959, kimejaa michoro na hesabu.

Hesabu mojawapo inaeleweka hata kwa asiyewahi kushika usukani. Kona ya barabara ina upinde wake, lakini dereva halazimiki kuufuata. Akianzia ukingo wa nje, akaugusa wa ndani katikati ya kona, kisha akaliacha gari litanuke tena hadi ukingo wa nje, amepita kwenye upinde mkubwa kuliko ule wa barabara. Nusu kipenyo cha upinde kikiongezeka maradufu, kasi ambayo tairi zinaweza kuimudu hupanda kwa takriban asilimia 41, bila gari kuongezewa chochote. Jambo ambalo madereva walikuwa wakilijua kwa mwili sasa lilikuwa na mchoro na namba, na hivyo likawa somo.

Viwanja vya ndege visivyo na ndege

Uingereza ilitoka vitani mwaka 1945 ikiwa imejaa viwanja vya ndege vya kijeshi visivyo na kazi tena. Lami yake ilikuwa pana na tambarare, haina nguzo wala nyumba kando yake. Silverstone na Goodwood vikageuzwa vya magari, na Snetterton, huko Norfolk, ambako wakati wa vita ziliruka ndege za mabomu za Marekani, nao ukafuata. Kwa mara ya kwanza palikuwa na mahali ambapo mwanafunzi angeweza kukosea kona, akaishia majanini, akarudi kujaribu tena.

Jim Russell, mwenye gereji wa Norfolk aliyekuja kuwa bingwa wa Formula Three ya Uingereza, alianzisha shule yake hapo Snetterton. Mpango wa shule za namna hii ulikuwa rahisi na mkali. Mwanafunzi alipewa gari dogo la kiti kimoja na kikomo cha mizunguko ya injini ambacho hakuruhusiwa kukivuka. Akionyesha kwamba anarudia njia ileile kila mzunguko, kikomo kilipandishwa kidogo. Asipoweza, alibaki palepale. Kasi ilikuwa zawadi ya usahihi, na kijana aliyekuja kuonyesha ushujaa aligundua mapema kwamba ushujaa haukuwa na alama.

Shule hizi ziliugeuza hata mchezo wenyewe. Injini za mbio zilikuwa ghali na zikifa haraka mikononi mwa wanaojifunza. Geoff Clarke, mwenye shule ya Motor Racing Stables kwenye uwanja wa Brands Hatch, akaona afadhali atumie injini ya Ford Cortina GT na tairi za kawaida za barabarani. Kutokana na wazo hilo ilizaliwa Formula Ford, iliyoanza kushindaniwa Brands Hatch Julai 2, 1967. Emerson Fittipaldi, James Hunt na Ayrton Senna, ambao wote walikuja kuwa mabingwa wa dunia, walipitia magari hayo yaliyoanza kama vifaa vya kufundishia.

Ufaransa iliipa shule kazi nyingine, ile ya kuchuja. Huko Magny-Cours, na baadaye Paul Ricard, wanafunzi walifundishwa kisha wakashindanishwa, na kampuni za mafuta zikamlipia mshindi gharama za kuanzia. François Cevert alishinda zawadi ya Shell mwaka 1966. Alain Prost akashinda ya Elf mwaka 1975, akapata msimu mzima wa Formula Renault, na mwisho wake akatwaa ubingwa wa dunia mara nne. Watu walimwita Profesa. Gari lake lilionekana haliharakishwi, lakini saa ilisema vingine.

Mwalimu aliyeanzia kitanda cha hospitali

Nchini Marekani jina lililotangulia ni Bob Bondurant. Mwaka 1967, kwenye uwanja wa Watkins Glen, kipande cha usukani cha gari lake kilivunjika akiwa kwenye kasi ya karibu kilomita 240 kwa saa. Gari lilipinduka, naye akaumia vibaya miguuni. Wakati wa kuuguza majeraha akapanga jinsi ya kuwafundisha wengine yale aliyoyajua, na mwaka 1968 akafungua shule kusini mwa California.

Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa mwigizaji Paul Newman, aliyekuwa akijiandaa kwa filamu ya Winning. Newman alikuwa amevuka miaka 40, umri ambao wengi katika mchezo huu hufikiria kustaafu. Mwaka 1979, akiwa na miaka 54, alimaliza wa pili katika mbio za saa 24 za Le Mans, akipokezana usukani wa Porsche na Rolf Stommelen na Dick Barbour. Ni vigumu kupata ushahidi bora kwamba mtu mzima anafundishika.

Wakati huohuo somo lenyewe liliongezeka kina. Mark Donohue, mhandisi aliyeshinda Indianapolis 500 mwaka 1972, alieleza katika kitabu chake cha 1975 kwamba tairi lina uwezo mmoja tu wa kushika lami, na breki, kona na mafuta vyote vinachota humohumo. Ni kama mshahara: ulioutumia kwenye breki huna tena kwenye kona. Kwa hiyo dereva mzuri haachii breki kwa ghafla kisha akakata usukani. Huiachia taratibu kadiri anavyokata, ili tairi zisikae bila kazi wala kuzidiwa.

Somo lawafikia wasio na mbio

Mwaka 1977 BMW ilianza kuwafundisha wenye magari ya kawaida, na aliyeyapa mafunzo hayo sura ni Rauno Aaltonen wa Finland. Wapenzi wa Safari Rally Afrika Mashariki wanamkumbuka kwa sababu nyingine: alimaliza wa pili mara kadhaa bila kuinyakua Safari hata mara moja. Aaltonen, mshindi wa mbio za Monte Carlo Rally mwaka 1967, alianza na mambo ambayo wengi waliyadharau, kama jinsi ya kukaa kwenye kiti, jinsi ya kushika usukani, na mahali pa kutupa macho.

Hadi leo, kwenye siku za uwanjani za Ulaya na Marekani, mwalimu huanzia hapohapo. Hukaa kiti cha abiria, kavaa helmeti yenye kipaza sauti. Upande wake hauna pedeli ya breki kama gari la shule ya udereva. Ana sauti tu, na mara chache mkono wa kusaidia usukani. Husema maneno machache na mapema: breki sasa, achia taratibu, tazama mwisho wa kona, subiri, mafuta. Makosa anayoyakuta karibu yote yanafanana. Mgeni hutazama mbele ya boneti badala ya pale anapokwenda. Huchelewesha breki akidhani ndipo muda ulipo, anaingia kwenye kona na kasi iliyozidi, kisha anangoja gari litulie kabla hajathubutu kukanyaga mafuta.

Kungoja huko ndiko kunakokula muda. Anayetoka kwenye kona kwa kilomita 105 kwa saa badala ya 100, na akaibeba tofauti hiyo mita 500 zinazofuata, ameokoa karibu sekunde moja. Kuchelewesha breki kwa mita tano kwenye kasi ya 180 kunaokoa sehemu ndogo sana ya sekunde, tena kwa hatari kubwa zaidi. Ndiyo maana walimu husisitiza kuingia pole ili utoke kasi.

Kompyuta yaingia darasani

Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa watumiaji wa kiraia. Katika miaka iliyofuata vifaa vya kurekodi kasi na mahali gari lilipo vikashuka bei, na jambo lililokuwa la timu kubwa likamfikia mwenye gari la kawaida. Waandaaji wengi wa Uingereza hukataza kupima muda siku za uwanjani kwa sababu za bima, lakini kifaa kinaonyesha zaidi ya muda. Kinaweka mstari wa mwanafunzi juu ya mstari wa mwalimu katika gari lilelile, na kila mita ambayo mguu ulisita inaonekana.

Hata hivyo mchoro unaonyesha mahali muda ulipopotea, si sababu yake. Mguu unaweza kusita kwa sababu macho yalichelewa, au kwa sababu breki iliachiwa kwa ghafla pua ya gari ikanyanyuka na tairi za mbele zikapoteza uzito. Ndiyo sababu Rob Wilson wa New Zealand aliwapata wanafunzi kama Kimi Räikkönen, David Coulthard na Juan Pablo Montoya, watu waliokuwa na wahandisi na kompyuta za kutosha. Aliwafundishia Bruntingthorpe, uwanja mwingine wa zamani wa ndege za jeshi, katika Vauxhall Astra ya kawaida. Somo lake lilihusu jinsi uzito wa gari unavyohama kwa kila mguso wa usukani, breki na gia. Kwenye gari lisilo na nguvu za kuficha makosa, kila kosa lilionekana.

Tairi laini huisha baada ya siku chache za uwanjani, na injini iliyoongezewa nguvu huuzwa pamoja na gari. Mazoea ya macho na miguu humfuata dereva kwenye gari lolote atakalonunua baadaye. Kwa hiyo anayetaka kupunguza muda wake aanze na breki na tairi zilizo salama, kisha alipie mwalimu, kisha kifaa cha kurekodi. Injini kubwa iwe mwisho wa orodha.