Ulingo wa Mtini

Msomaji, kama umepata kukaa shambani wakati mahindi au mtama unapokomaa, hapana haja ya kukueleza maana ya ulingo. Ni jukwaa la miti lililosimamishwa juu ya nguzo, au lililofungwa katika panda za mti, ambalo mlinzi hulipanda mchana kuamia ndege, na usiku kuwafukuza nguruwe. Ni kitu cha fito na kamba, nacho hakimgharimu mkulima ila jasho lake. Lakini kitu hicho duni kina historia ndefu kuliko unavyodhani. Kimeua na kimeokoa. Kimebeba wakulima, wawindaji, askari na hata binti wa mfalme. Fuatana nami basi tuitazame safari yake, maana ndani yake mna swali linalotuhusu sote, nalo ni hili: mtu aliye juu anadaiwa nini na walio chini?

Kwanza, kwa nini mwindaji alipanda mti? Ni kwa sababu wanyama wengi wa porini hutazamia adui mbele, nyuma na kando. Ni mara chache sana kuinua macho matawini. Tena upepo ukiwa mwema, harufu ya mtu aliye juu huchelewa kuwafikia walio chini. Akiwa hapo mwindaji huona mbali, na pembe za nyati au meno ya simba hayamfikii kwa urahisi.

Faida hizo hazipatikani bila utaratibu. Mti hutakiwa uwe mzima na wenye shina la kutosha, kwa kuwa tawi lililooza ndani halimwonyi mtu kabla ya kukatika. Hutakiwa tena usimame upande ambao upepo hauvumi kutoka kwake kwenda njia ya mnyama. Vipandio hufungwa au kupigiliwa nyuma ya shina, mahali pasipoelekea njia hiyo, na nafasi kati ya kipandio na kipandio hupimwa kwa hatua ya mtu anayeshuka gizani, wala si kwa hatua ya kijana anayepanda mchana. Jukwaa hufungwa imara lisilie mtu akigeuka. Matawi machache hukatwa ili jicho lipate njia, lakini mengi huachwa yamfiche mwindaji. Hata leo, katika nchi ya Marekani, wawindaji wa kulungu hufuata kanuni hizi hizi. Hufunga vipandio vya chuma shinani kwa mikanda, hukanyaga kibao kidogo kisichozidi sana upana wa miguu miwili, na hukaa katika tandiko la mikanda lililozunguka nyonga zao na kushikwa na kamba ya mti. Mafunzo yao husisitiza neno moja kuliko yote: kamba ya usalama ifungwe kabla mguu haujaondoka ardhini, wala isifunguliwe mpaka mguu umerudi ardhini. Maana anayeanguka mtini hakuangushwa na mnyama, bali na haraka yake mwenyewe.

Nchi iliyoupa ulingo wa kuwindia sifa kubwa ni Bara Hindi, ambako huitwa machan. Mara nyingi ulikuwa kitanda cha kamba kilichofungwa mtini na kuzungushiwa majani. Wakati wa utawala wa Waingereza, wakuu wa serikali na wafalme wa nchi walikaa juu ya machan kama wanavyokaa wageni wa heshima barazani. Chini yao wanavijiji walijipanga mstari, wakapita vichakani kwa ngoma na makelele, ili wamtoe chui milia mafichoni na kumsukuma mbele ya bunduki. Fikiri, msomaji. Aliyekuwa juu alipigwa picha na kusifiwa ushujaa. Aliyekuwa chini, mikononi ana fimbo na ngoma tu, ndiye aliyekabili makucha. Urefu wa mti ulikuwa umechukua sifa za mtu mwingine.

Hata hivyo haifai kusema kwamba kila ulingo ulikuwa wa anasa. Katika milima ya Garhwal, kaskazini mwa nchi hiyo, pana mji uitwao Rudraprayag, mahali inapokutana mito miwili, Alaknanda na Mandakini. Hapo hupita njia ya mahujaji Wahindu waendao Kedarnath na Badrinath. Tangu mwaka 1918 hata 1926 chui mmoja aliitia njia hiyo hofu kubwa. Hesabu ya serikali ilisema ameua watu 125. Jua lilipokuchwa milango ilikomewa, na barabara iliyojaa watu mchana ikawa kimya kama makaburi. Jim Corbett, mwindaji aliyezaliwa Naini Tal mwaka 1875, ndiye aliyekuja kumtafuta. Yeye aliamini kwamba chui yule alianza kula watu wakati wa homa kuu ya mwaka 1918, wafu walipozidi nguvu za walio hai, na maiti nyingine zikaachwa mabondeni bila kuchomwa kwa desturi. Kwa hiyo chanzo cha msiba kilikuwa msiba mwingine.

Corbett alimfuata chui huyo kwa muda mrefu, akashindwa mara nyingi. Mwishowe alijenga ulingo katika mwembe uliokuwa kando ya njia ya mahujaji, karibu na kibanda walimolala wasafiri. Akafunga mbuzi njiani, shingoni mwake ana kengele, kisha akakaa macho usiku baada ya usiku. Mwezi wa Mei mwaka 1926, kengele ililia ghafula gizani. Corbett akawasha tochi iliyofungwa kwenye bunduki, akafyatua risasi moja, kisha taa ikafifia na kuzimika. Hakujua kama amepata au amekosa. Alikaa juu mpaka kulipopambazuka, ndipo akamkuta mbuzi mzima, na chui amekufa.

Jambo lililo kubwa zaidi lilikuwa moyoni mwa mwindaji. Alipomtazama adui yake mchana hakuona shetani, kama watu walivyosema. Aliona mnyama mzee, ambaye kosa lake lilikuwa juu ya sheria za wanadamu, wala si juu ya sheria za maumbile. Katika miaka iliyofuata Corbett alizidi kuipenda kamera kuliko bunduki. Aliwashauri watawala wahifadhi misitu, na mwaka 1936 ilianzishwa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini India, ambayo baada ya kifo chake ilipewa jina lake.

Sasa safari yetu yatufikisha nyumbani. Mwaka 1947, India ilipojipatia uhuru, Corbett alihamia Kenya pamoja na dada yake, wakakaa Nyeri. Karibu na hapo, katika msitu wa Nyandarua, ulikuwako ulingo wa namna nyingine. Mwaka 1932 Mwingereza mmoja, Eric Sherbrooke Walker, alijenga kibanda juu ya mgumo uliotazama dimbwi la maji, akakiita Treetops. Mgumo, kama ujuavyo, ni mti ulioheshimiwa na Wakikuyu tangu kale, na chini ya migumo yao mitakatifu wazee walisali na kutoa sadaka. Wageni walipanda kibandani kwa ngazi, si kwa kuua, bali kwa kutazama ndovu na vifaru wakija kunywa maji usiku. Njiani, kandokando ya kijia cha msituni, vipandio vilipigiliwa kwenye miti ili mgeni akishambuliwa apate pa kukimbilia.

Tarehe 5 Februari 1952 Binti Elizabeth wa Uingereza alipanda ngazi hiyo, na Corbett alikuwapo. Usiku ule ule, mbali sana kule Uingereza, baba yake Mfalme George wa Sita alifariki. Alipanda akiwa binti wa mfalme, akashuka malkia, wala hakuijua habari hiyo mpaka alipokwisha kuondoka mtini.

Lakini usifikiri kwamba aliyekaa juu usiku ule aliona kila kitu. Aliona ndovu, hakuona manung'uniko yaliyokuwa yakikomaa vijijini, ya watu walionyang'anywa ardhi. Tarehe 20 Oktoba mwaka uo huo serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Wapiganaji wa Mau Mau waliingia msituni, na kibanda cha watalii kikawa mahali pa askari wa serikali kuchungulia. Ulingo uliokuwa wa kutazama wanyama ukageuka wa kutazamia watu. Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Mnamo tarehe 27 Mei 1954 wapiganaji waliuchoma moto, na mgumo ukateketea pamoja na kibanda chake. Corbett alifariki Nyeri mwaka uliofuata. Jengo jipya lilisimamishwa mwaka 1957, safari hii juu ya nguzo, ng'ambo ya dimbwi lile lile.

Tangu hapo sheria za nchi zimebadilika. India ilipitisha sheria ya kuwalinda wanyamapori mwaka 1972, na mwaka 1973 ikaanza mradi maalumu wa kumwokoa chui milia katika hifadhi ile ile yenye jina la Corbett. Hesabu ya mwaka 1972 ilikuwa imewakuta 1,827 tu. Makadirio ya mwaka 2022 yalipita 3,600. Kenya nayo ilipiga marufuku uwindaji wa michezo mwaka 1977. Wengi wapandao majukwaa ya msituni siku hizi hupanda na darubini na kamera.

Basi, msomaji, fito ni zile zile na kamba ni ile ile. Kilichobadilika ni nia ya apandaye. Mkulima alipanda ili watoto wake wapate chakula, bwana mkubwa ili asifiwe, Corbett ili mahujaji wapite salama, na askari ili awatawale wenye nchi. Wewe nawe utapanda siku moja, kwa elimu au kwa cheo. Kumbuka kwamba ukiwa juu huonwi, lakini unaona. Na anayeona anadaiwa kuwalinda wasioona. Tena chunga vipandio vyako usiviharibu nyuma yako, kwa maana mpanda ngazi hushuka.