UZI: Usonji, chanjo, na miaka 47 ambayo haitajwi jukwaani

Kampeni ya chanjo ikitangazwa tu, huku Kitengela hukosi mtu mwenye kipaza sauti akisema ile kitu: sindano inaharibu akili za watoto. Wengine wanaongeza ati ni mpango wa wazungu. Sitaji jina la mtu wala chama, mnajua sheria ya nyuzi zangu. Leo tuangalie dai lenyewe limetoka wapi. Nyuma yake kuna historia mbili, moja ya uongo na nyingine ya kweli.

Ya uongo ni fupi. Mwaka wa 1998, Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet, Uingereza, ripoti ya watoto 12. Walidokeza kwamba chanjo ya pamoja ya ukambi, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Baadaye ikajulikana kwamba taarifa za watoto hao zilichezewa, na kwamba jamaa alikuwa amelipwa na mawakili waliotaka kushtaki kampuni za chanjo. Mwaka wa 2010 jarida likaifuta ripoti, naye akanyang'anywa leseni ya udaktari. Watafiti wa Denmark nao wakafuatilia watoto 657,461, wakatoa majibu mwaka wa 2019: waliochanjwa hawakupata usonji kuwaliko wasiochanjwa. Watoto 12 dhidi ya laki sita na nusu. Sijui tunabishana nini hapo.

Lakini kinga ya mwili kweli inaingia kwenye habari ya ubongo wa mtoto. Inaingia kwa mlango mwingine kabisa, na huo ndio hatuambiwi.

Mwaka wa 1941 huko Sydney, daktari wa macho Norman Gregg aliona watoto wachanga wengi mno wenye mtoto wa jicho. Alipouliza, akapata kwamba mama zao waliugua rubela mimba ikiwa bado changa. Rubela kwa mtu mzima ni kitu kidogo, vipele na homa ya siku chache, unaweza hata usijue. Kwa mimba ya miezi mitatu ya kwanza ni balaa: macho, masikio, moyo, ubongo. Mlipuko wa 1964 na 1965 uliwaachia Marekani watoto kama 20,000 waliozaliwa na madhara hayo. Daktari wa akili Stella Chess wa New York alichunguza 243 kati yao, na mwaka wa 1971 akaripoti kwamba 18 walikuwa na usonji au sehemu kubwa ya dalili zake. Siku hizo usonji ulihesabiwa kuwa watoto wanne au watano kwa kila 10,000. Fanya hesabu mwenyewe.

Tangu hapo swali limekuwa: ni virusi vyenyewe vinavyoharibu, ama pia ni mwili wa mama ukijitetea? Mama akiugua sana, seli zake za kinga humwaga kemikali za kuitana, kama watu wakipiga nduru usiku wezi wakiingia. Baadhi ya ishara hizo hugusa kondo la nyuma na ubongo unaojengwa. Kwenye maabara, panya jike akiamshwa kinga tu, bila virusi vyovyote, watoto wake huonyesha tabia tofauti. Kwa binadamu ushahidi haujakaza hivyo. Wengi sana wanaougua wakiwa na mimba huzaa watoto wasio na shida yoyote, na sehemu kubwa ya usonji ni ya kurithi. Kwa hivyo tafadhali, mtu asitoke hapa akaenda kumnyooshea jirani kidole. Kina mama wa hawa watoto washaambiwa wamelaaniwa, washaambiwa ni uchawi, inatosha.

Huku kwetu mfano ulio wazi zaidi ni malaria ya ubongo, ambayo watafiti wa KEMRI wameifuatilia Kilifi kwa miongo mitatu na zaidi. Chembe za damu zenye vimelea hukwama kwenye mishipa midogo ya ubongo, kinga nayo inawaka moto, na karibu robo ya watoto wanaopona hubaki na kitu: kifafa, shida ya kuongea, shida ya kujifunza.

Sasa tuje kwa siasa yenyewe. Chanjo ya rubela ilipata kibali Marekani mwaka wa 1969. Kenya iliiweka kwenye ratiba ya kawaida ya watoto mwaka wa 2016. Hiyo ni miaka 47. Katikati hapo, mwenye pesa alimpeleka mtoto hospitali ya kibinafsi akadungwa. Rika langu tunakumbuka Mei 2016, tulipangwa foleni shuleni na kupakwa wino kidoleni, kampeni ililenga watoto zaidi ya milioni 19. Hakuna aliyetueleza kwamba wazazi wetu hawakuwahi kupewa nafasi hiyo.

Kwa nini ikachelewa? Pesa, ndiyo, na fuko la kimataifa la Gavi lilianza kuilipia mwaka wa 2012 tu. Lakini kuna sababu nyingine ya kuogofya kidogo. Ukichanja rubela nusu nusu unaweza kuharibu zaidi. Virusi vinapungua kiasi, wasichana wanakua bila kuugua na bila kinga, halafu wanakutana navyo wakiwa wajawazito. Ugiriki ilianza kuchanja miaka ya 1970 bila kufikia watoto wa kutosha, na mwaka wa 1993 ikalipia kwa watoto waliozaliwa na madhara. Ndiyo maana nchi ziliambiwa zisianze kabla ya kufikia asilimia 80 kwa chanjo ya ukambi.

Kwa hivyo anayewaambia wazazi waruke sindano ya miezi 9 ama ile ya miezi 18 hamkingi mtoto na usonji. Anatusukuma tuwe Ugiriki ile.

Na sisemi watu wanaogopa bure. Mwaka wa 2014 maaskofu wa Kikatoliki waliipinga hadharani kampeni ya chanjo ya pepopunda wakidai ina homoni ya kuzuia mimba, na serikali ilijibu kwa hasira kuliko kwa maelezo. Shaka hiyo haijaisha. Ongeza umbali: mama wa Kitengela anaomba ruhusa kwa bosi wa EPZ, mama wa ndani Kajiado anatembea nusu siku, na ukame ukija boma linahama.

Tangu ugatuzi wa 2013, serikali kuu hununua chanjo, kaunti huajiri wauguzi na kuendesha zahanati. Wafadhili nao wanajiondoa, na Kenya inatakiwa kujilipia chanjo zake yenyewe kufikia mwisho wa muongo huu. Kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti kikija, ukipewa zile dakika zako mbili, uliza kaunti imeweka shilingi ngapi za kupeleka chanjo mashinani, na kama friji ya zahanati ya wadi yenu inafanya kazi.