Tohara ya vichanga: kibanio cha Mogen na safari ya kurudi kliniki

Juu kule Ufipa, kuanzia Sumbawanga hadi Namanyere, jando halikuwapo. Mvulana wa Kifipa alikua, akaoa na kuzeeka na govi lake bila mtu kumnyooshea kidole. Mapadre Weupe walioshika kituo cha Karema mwaka 1885 hawakuona sababu ya kubadili hilo. Chini mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, Wampembe na jirani zake, mambo yalichanganyika kidogo, kwa sababu njia ya majini ya Ujiji ilipitisha Waislamu, na Mwislamu hangoji mwanawe abalehe. Wapo wanaomtahiri siku ya saba, wapo wanaosubiri arobaini, na wapo wanaomwacha mpaka aanze kukimbia.

Kilichoigeuza tohara kuwa shughuli ya serikali ni UKIMWI. Majaribio matatu, Orange Farm ya Afrika Kusini, Kisumu ya Kenya na Rakai ya Uganda, yalionyesha kwamba mwanamume aliyetahiriwa hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa kuambukizwa VVU na mwanamke. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakatoa pendekezo lao, na mikoa yetu isiyo na mila ya jando, Rukwa ikiwamo, ikaingia kwenye orodha. Vijana walitahiriwa kwa kampeni, hasa miezi ya baridi, kwa kuwa watu wanaamini kidonda hukauka upesi wakati huo. Iringa peke yake, katikati ya mwaka 2010, watu 10,352 walitahiriwa ndani ya wiki sita. Mitaani hadi leo asiyetahiriwa anataniwa kwamba ana mkono wa sweta.

Vichanga walifikiriwa baadaye, ingawa kwa jicho la fundi wao ndio kazi nyepesi. Mtoto wa wiki mbili hahitaji kushonwa, kidonda chake hupona kwa takriban wiki moja, na hana kibarua cha kukosa wala mke wa kumkwepa kwa wiki sita. Ila mwili wake una mtego. Mwaka 1949 daktari wa watoto wa Cambridge, Douglas Gairdner, alieleza kwamba mtoto anapozaliwa govi huwa bado limegandana na kichwa cha uume, na huachana lenyewe polepole kadiri anavyokua. Alihesabu pia vifo vipatavyo 16 kwa mwaka Uingereza na Wales vilivyotokana na tohara ya watoto wadogo, vingi vikiletwa na dawa ya usingizi. Baada ya hapo Waingereza wengi wakaachana na tohara ya kawaida kwa vichanga. Wamarekani hawakuacha, na vifaa vingi vinavyotumika leo vimetoka kwao.

Ngariba wa zamani alivuta govi mbele, akabana kwa vidole na kupitisha wembe. Kichwa kimejificha ndani, hakionekani, na usalama wote uko kwenye vidole vyake. Kila kifaa kilichobuniwa kimejaribu kuiondoa hofu hiyo moja ya kukata kichwa. Mwaka 1935 Hiram Yellen wa Buffalo aliandika juu ya kibanio alichokitengeneza na Aaron Goldstein, kiitwacho Gomco. Kina kikombe kidogo cha chuma mithili ya kengele, kinachovishwa kichwa cha uume ili kisu kisikifikie. Ni salama kama vipande vyake vimetoka seti moja. Vikichanganywa, kengele ya seti hii na bamba la ile, kinabana vibaya na damu haikomi. Miaka ya 1950 ikaja Plastibell, pete ya plastiki inayofungwa kwa uzi na kuachwa mahali pake mpaka idondoke yenyewe baada ya siku tano hadi kumi. Nayo ina ugonjwa wake: wakati mwingine badala ya kudondoka huteleza kurudi nyuma, ikakaza uume wenyewe.

Mogen ilibuniwa mwaka 1954 na Harry Bronstein, rabi wa Brooklyn. Ni mataya mawili bapa ya chuma yanayofunguka milimita tatu tu. Mtoto akishapigwa ganzi kwenye shina la uume na kunyonyeshwa maji ya sukari atulie, mtoa huduma huliachanisha govi na kichwa kwa koleo ndogo, hulivuta na kulipitisha kwenye ule mwanya, kisha hubana. Anasubiri dakika moja au zaidi mishipa ya damu isagike, ndipo anakata kwa kisu juu ya chuma. Hakuna uzi wala pete ya kubaki, na kifaa kikitakaswa kinatumika tena. Kwa zahanati ya pembezoni hilo ni jambo kubwa. Lakini Mogen haina kengele. Ule mwanya mwembamba wa milimita tatu ndio kinga pekee, na kichwa kikivutwa pamoja na govi hakuna jicho litakaloona mpaka kisu kimeshapita. Mwaka 2000 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya Gomco na Mogen, na kufikia 2010 kampuni iliyouza kibanio cha Bronstein ilikuwa imefunga milango, ikidaiwa fidia ya mamilioni ya dola. Mwaka huohuo wa 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa tohara ya vichanga, na Mogen imo.

Hilo si la kushangaza sana ukitazama matokeo ya Afrika Mashariki. Nyanza, Kenya, watoto zaidi ya 1,200 walitahiriwa kwa Mogen, na waliopata madhara walikuwa asilimia 2.7, karibu wote madogo au ya kati. Mmoja alikatwa kipande kidogo cha kichwa cha uume. Kwa wazazi wa mtoto huyo asilimia haina maana yoyote. Tanzania ilifanya majaribio yake Iringa kuanzia 2013, katika vituo vinane, kwa vichanga zaidi ya 2,000, na madhara hayakufika asilimia moja.

Takwimu hizo ni za vituo vyenye wakufunzi, ambako mama aliambiwa arudi baada ya saa 24 na tena siku ya saba. Hata huko Iringa si wote waliorudi. Sasa mfikirie mama wa kijiji cha kando ya Wampembe, anayekuja kliniki kwa miguu au kwa mtumbwi, na ambaye rufaa kwake ni kupanda ukingo wa bonde kwa barabara ya Kitosi, masika na kiangazi. Kichanga cha kilo tatu kina damu ya takriban mililita 250, haijazi hata chupa ya soda. Nepi iliyolowa damu usiku wa kwanza haiwezi kungoja asubuhi.

Kuna watoto pia ambao hawapaswi kuguswa kabisa: aliye chini ya kilo mbili na nusu, mwenye ndugu ambao damu yao haigandi, na yule ambaye tundu la mkojo limekaa upande wa chini. Huyo wa mwisho govi lake ndilo daktari wa upasuaji atalitumia kumtengeneza baadaye. Kumtambua kunahitaji mkunga atazame vizuri kwa dakika moja, na ni kosa ambalo kibanio chochote, kiwe na kengele au kisiwe nayo, hakiwezi kulizuia.

Kufikia 2020 mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani ulielekeza nguvu kwa walio na miaka 15 na kuendelea, na fedha za wafadhili zikaelekea hukohuko, kwa sababu hao ndio walio kwenye hatari ya VVU leo na wanaweza kukubali au kukataa wenyewe. Mimi naona uamuzi huo ni wa haki, ila haumgusi mzazi wa mwambaoni ambaye, kwa dini yake au kwa kutaka mwanawe asije kutaniwa, atamtahiri mdogo vilevile. Huyo hahitaji kampeni. Anahitaji mkunga aliyefunzwa, ganzi isiyokwisha katikati ya mwezi, seti moja ya vifaa isiyochanganywa na nyingine, na mtu wa zamu atakayefungua mlango akigonga saa nane za usiku.