Motokaa Ndogo Katika Nchi ya Mlima Kenya

Simama kando ya barabara mjini Karatina siku ya soko, msomaji wangu, uhesabu motokaa zipitazo. Ukiyaacha malori na matatu, utaona kwamba nyingi katika zilizosalia ni ndogo: Vitz, Demio, Passo, na ile Probox isiyojua kukataa mzigo. Mwalimu aliyepata mkopo katika chama cha ushirika hununua ndogo. Muuguzi hununua ndogo. Mwenye duka la mbegu na mbolea vilevile. Labda hata wewe ulipelekwa shuleni kwa mojawapo ya hizo, sanduku lako la bati likiwa magotini kwa kuwa nyuma kote kumejaa godoro.

Huenda ukadhani kwamba sababu ya hayo ni uchache wa fedha tu. Fedha ni sababu, sikatai. Lakini motokaa ndogo ina historia yake katika nchi hii ya milima, na historia hiyo yafaa kujulikana, maana wepesi ulioipatia sifa zamani ndio huohuo unaotutia hofu siku hizi.

Tuanze na ardhi yenyewe. Nchi ya Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru imekatwakatwa na mito ishukayo kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Baina ya mto na mto pana mgongo wa ardhi, na mtu asafiriye kuukata mlima kwa upande hana budi kushuka bonde, kuvuka daraja, kupanda tena, kisha kushuka bonde jingine. Reli iliyotoka Thika na kufika Nanyuki mwaka 1930 ilitafuta njia yake iliyo nafuu, hata ikauacha mji wa Nyeri kando na kupitia Kiganjo. Barabara hazikuweza kukwepa hivyo, kwa sababu watu wanakaa migongoni. Tena udongo wenyewe ni mwekundu, laini, wenye rutuba. Wafaa sana kahawa na chai, lakini ukinyeshewa masika huteleza kama sabuni.

Jambo la pili ni hewa. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Nanyuki karibu mita 1,950. Kadiri upandavyo, hewa huwa nyepesi, na injini ya kawaida huhitaji hewa kama vile mtu ahitajivyo. Kwa makadirio, kila mita 1,000 upandazo huipunguzia injini hiyo sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Motokaa iliyokuwa na nguvu kidogo ilipotoka Mombasa hufika Nanyuki ikiwa nazo kidogo zaidi. Kwa hiyo mtu mwenye akili angetazamia kwamba katika nchi kama hii motokaa kubwa ndizo zingeshinda. Wenye akili wengi walitazamia hivyo, wakakosea.

Mwezi wa Februari 1952 binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, alilala usiku mmoja katika nyumba ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Nyandarua, si mbali na mji wa Nyeri. Usiku huo baba yake alifariki, naye akawa malkia. Mwaka uliofuata, siku chache kabla ya kutawazwa kwake, wenye motokaa wa Afrika ya Mashariki walifanya mashindano ya safari ndefu kwa kumheshimu, wakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayo ndiyo mashindano yaliyokuja kujulikana kote duniani kwa jina la Safari. Motokaa ziligawanywa katika madaraja kwa bei zake, na hesabu zilipofungwa, iliyohesabiwa kuwa bora kuliko zote ni Volkswagen ya Alan Dix, motokaa ya mviringo kama kobe, yenye uzito wa kilo mia saba na kitu, na injini ya nguvu za farasi 25 tu.

Si vema kusimulia ushindi huo kana kwamba wakati ule ulikuwa wa michezo peke yake. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya mwezi wa Oktoba 1952. Watu wa Nyeri hawakuruhusiwa kusafiri bila vibali. Baadaye wengi walihamishwa kwa nguvu wakakazwa vijijini chini ya ulinzi. Na Treetops yenyewe ilichomwa moto na wapiganaji mwaka 1954. Waliokimbiza motokaa katika miaka hiyo walikuwa Wazungu na baadhi ya Wahindi. Mwafrika wa huku alikuwepo pia, ila kazi yake ilikuwa kusukuma.

Nasema kusukuma kwa sababu babu yangu, ambaye sisi wajukuu humwita guka, alikuwa mmoja wa wasukumaji hao alipokuwa kijana, katika miaka ya 1960. Masika yalipoanza, yeye na wenzake walikaa chini ya mlima wenye tope karibu na kwao, wakingoja motokaa zikwame. Kwa sarafu chache walizitoa. Guka hana hesabu ya sentimita za ujazo wala ya nguvu za farasi. Kipimo chake ni kimoja: ilihitaji watu wangapi? Volkswagen, asema, ilitaka watu wanne, na wawili kati yao wangeweza kuwa watoto. Motokaa kubwa za maofisa zilitaka watu wanane na magogo. Lori lilingoja jua.

Kipimo cha guka kinaeleza mengi kuliko vitabu vya wauzaji. Motokaa nyepesi haizami sana topeni. Volkswagen ile iliwekwa injini nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, hata uzito wake mdogo ukakaa mahali panapohitajiwa na magurudumu yakashika ardhi. Injini ilipozwa kwa hewa, si kwa maji, basi hakukuwa na rejeta ya kuchemka katika mwinuko mrefu wala ya kutobolewa na jiwe. Tumbo lake la bati lilikuwa bapa, likateleza juu ya tuta la katikati ya njia pale ambapo motokaa nyingine zilinasa.

Volkswagen ilishinda tena mwaka 1954, na 1957, na 1962. Mwaka 1956 ilishinda DKW, ndogo nyingine ya Kijerumani, ambayo injini yake haikutimia hata lita moja. Kwa hiyo katika miaka kumi ya kwanza ya Safari, motokaa ndogo zilitwaa ushindi mara tano. Mercedes-Benz, iliyo nzito na ya bei kubwa, ilitwaa mara tatu.

Katika mashindano ya mwaka 1964 kuna kisa ambacho wanafunzi wangu hawakiamini mpaka nikirudie. Erik Carlsson, mtu wa Sweden mwenye mwili mkubwa, alikuwa akiendesha Saab ndogo. Ilinasa katika shimo la tope na haikuwezekana kuivuta. Yeye na mwenzake wakaibiringisha ubavu, ikapindukia paa, ikasimama tena kwa magurudumu mahali pakavu, wakaiwasha na kwenda zao. Inasimuliwa kwamba waandishi wa magazeti walipokataa kusadiki, aliibiringisha tena mbele yao. Mwaka huo akawa wa pili. Jaribu kufanya hivyo na Mercedes.

Hata hivyo usidhani kwamba udogo wowote ulifaa. Ile Mini ya Kiingereza, iliyozaliwa mwaka 1959, ilishinda mashindano makubwa ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, lakini Safari haikuishinda kamwe. Magurudumu yake yalikuwa ya inchi kumi, na tumbo lake lilikaribia ardhi. Barabara yetu haikutaka motokaa fupi. Ilitaka motokaa nyepesi iliyosimama juu. Hiyo ni tofauti ambayo hata leo wanunuzi wengi huisahau, ndipo huenda gereji kila mwezi kubadili springi.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, usukani nao ulibadili mikono. Mashamba ya kahawa ya Waafrika yalikuwa yameanza kuleta fedha, na walimu, makarani na wachungaji wa makanisa wakaanza kununua motokaa. Walinunua zile walizokuwa wameziona zikipanda mlima: Volkswagen na ndogo nyinginezo za Kiingereza na Kifaransa, nyingi zikiwa kuukuu tayari. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu kuchukua abiria bila leseni maalumu ya biashara hiyo, na magari madogo ya mizigo yakawekewa mabenchi. Mwaka uliofuata, katika mvua kali, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari kwa Lancer ndogo ya Kijapani, akaiacha nyuma Porsche. Nadhani ushindi ule uliuza motokaa za Kijapani kuliko tangazo lolote. Na mwaka 1993, miaka arobaini baada ya Dix, Mkenya Patrick Njiru alimaliza Safari akiwa wa kumi na mbili, na wa kwanza katika daraja lake, kwa Subaru Vivio ambayo injini yake ni sentimita za ujazo 660 tu. Pikipiki nyingi zina kubwa zaidi.

Hizo ndizo sifa, na hazina uongo ndani yake. Sasa sikiliza upande wa pili.

Kadiri miaka ilivyopita, lami ililetwa mpaka Nyeri, Nanyuki, Embu na Meru. Tope likatoweka katika njia kuu, na pamoja na tope likatoweka jambo ambalo hakuna aliyelishukuru lilipokuwapo: mwendo wa polepole. Topeni lori na Volkswagen zilitambaa sawasawa, na zikigusana, bati lilipinda na watu wakatukanana. Juu ya lami lori hushuka mteremko wa Sagana kwa kasi ambayo guka hakupata kuiona ujanani mwake.

Hapo hesabu inageuka. Umefundishwa katika sayansi kwamba vitu viwili vikigongana, kila kimoja husukumwa kwa nguvu iliyo sawa. Lakini nguvu iliyo sawa haileti badiliko lililo sawa. Lori la tani 20 likikutana uso kwa uso na motokaa ya tani moja, mwendo wa motokaa hubadilika mara 20 zaidi ya mwendo wa lori. Dereva wa lori hutikisika. Walio katika motokaa hurudishwa nyuma ghafula, na miili yao haiwezi kustahimili badiliko hilo. Wepesi ulioiokoa topeni ndio unaowaua abiria wake juu ya lami.

Lakini ukubwa nao si ngao. Kitu kizito kinaposhuka mlima, breki hazina budi kuugeuza uzito wote ule uwe joto, na mteremko ukiwa mrefu breki huchoka. Katika daraja la Nithi, barabara ya Meru, basi lilitumbukia bondeni mwezi wa Julai 2022, wakafa watu zaidi ya 30. Motokaa ndogo ikishuka pale kwa gia ya pili huzipa breki zake kazi kidogo sana. Na barabara pana ya njia mbili mbili kutoka Kenol kwenda Sagana na Marua, ambayo ujenzi wake ulianza miaka ya 2020 ilipoingia, inazitenga motokaa ziendazo na zile zirudizo. Mimi naihesabu kuwa faida kubwa kwa wenye motokaa ndogo kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Kuna dhara jingine ambalo si la kiwanda bali ni letu sisi. Kwa kuwa motokaa ndogo hunywa petroli kidogo, hutumiwa kama basi. Nimeona Probox iliyotengenezwa kwa watu watano ikiteremsha watu kumi na mmoja Othaya, pamoja na kuku. Ikijazwa hivyo, faida zote nilizokutajia huondoka: si nyepesi tena, haisimami juu tena, na breki zake zimepewa kazi ya lori.

Mimi mwenyewe nina motokaa ndogo, ya injini isiyozidi lita moja. Nilipofika katika chuo cha ualimu nifundishako, wenzangu walinishauri niongeze mkopo ninunue kubwa. Sikuwasikiliza. Mwaka jana, jioni moja ya mvua, nikitoka Karatina na wanangu wawili kiti cha nyuma, lori lililokuwa likilipita jingine lilinijia upande wangu. Sijui kama dereva hakuniona au aliniona akanidharau. Niliiachia barabara, nikaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia. Wanangu walilia kidogo, kisha mdogo akauliza kama tutalala pale.

Watu walitoka shambani na kwenye vibanda vya sokoni. Walishika mbele, wakashika nyuma, wakahesabu moja mbili tatu, na motokaa ikarudi barabarani kama kikapu. Nikawasha taa nikaenda zangu, mikono ikitetemeka hata Kiganjo.

Jumapili nilimsimulia guka habari hiyo. Alinitazama kwa muda mrefu, akaniuliza watoto wako wapi, nikamwonyesha wakicheza na mbuzi.

"Na waliokutoa," akauliza, "walikuwa wangapi?"

"Wanne, guka," nikamjibu.

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akaniuliza lile lori lilikuwa la tani ngapi, nami sikuwa na la kumjibu.