Vihisi vya misuli na mzigo wa mazoezi kwa wakimbiaji

Vihisi vya misuli ni vifaa vidogo vinavyovaliwa mwilini ili kunasa umeme unaotoka kwenye misuli inapofanya kazi. Mkimbiaji hubandikwa vihisi hivyo kwenye shavu la mguu au paja, ama huvaa bukta ya kubana iliyoshonewa elektrodi ndani. Lengo ni kukadiria mzigo wa mazoezi, yaani kiasi cha kazi ambayo mwili umefanyishwa kwa siku au kwa wiki.

Msuli ukikazwa, nyuzi zake hupitisha umeme hafifu ambao ukifika juu ya ngozi huwa kati ya mikrovolti kadhaa na milivolti chache. Sehemu kubwa ya ishara hiyo iko kati ya hezi 20 na 450, hivyo kifaa hutakiwa kuisoma walau mara 1,000 kwa sekunde. Kabla ya kubandika, nywele hunyolewa, ngozi hupanguswa kwa spiriti, kisha elektrodi mbili huwekwa umbali wa sentimita 2, kufuata mwelekeo wa nyuzi. Zikisogea kidogo tu, namba hubadilika. Asiyeweka alama ya kalamu kwenye ngozi siku ya Jumatatu hana cha kulinganisha Alhamisi. Ishara huandikwa kama asilimia ya ile inayotoka kwenye msuli huohuo unapokazwa kwa nguvu zote. Kushindanisha volti za wakimbiaji wawili bila hesabu hiyo ni kupoteza muda.

Kinachopimwa ni namna msuli unavyoamrishwa, na hilo halilingani kila mara na kile ambacho mguu unabeba. Utafiti wa Sano, Ishikawa, Komi na wenzao, uliochapishwa mwaka 2013, uliwachunguza wakimbiaji mahiri wa Kenya wakirukaruka, na ukaeleza mchango mkubwa wa kano ndefu ya kisigino katika kuhifadhi na kurudisha nguvu. Mzigo wa namna hiyo hupita kwenye kano bila kuacha umeme mwingi. Mteremkoni hali ni hiyohiyo: msuli unaorefuka huku ukizuia mwili hutoa nguvu kubwa kwa umeme mdogo. Mkimbiaji wa Tororo, mashariki mwa Uganda, anayekwenda kujinoa Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, anaweza kuona namba za chini akishuka, kisha kesho yake akashindwa kukaa vizuri kwa maumivu ya mapaja.

Mazingira ya mkimbiaji nayo huathiri vipimo. Miji ya Busia na Tororo, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, iko katika mwinuko wa kama mita 1,100 hadi 1,200, chini sana ya Iten nchini Kenya yenye mita 2,400 hivi. Huko Busia na Tororo joto la mchana ni kali. Jasho hulegeza gundi na kuunganisha elektrodi mbili, ishara ikavurugika, kwa hiyo vipimo vya alfajiri huaminika zaidi. Halafu kuna kazi ya kutafuta riziki. Busia ni mahali ambapo biashara ya kubeba abiria kwa baiskeli kuvuka mpaka ilianzia miaka ya 1960, na kijana anayekimbia asubuhi kisha akashinda akikanyaga pedali ana mzigo wa pili ambao kihisi kilichovuliwa baada ya mazoezi hakiuoni.

Kwa sababu hizo njia ya Carl Foster, mtaalamu wa Marekani, ingali na nafasi yake. Mkimbiaji huulizwa, kama nusu saa baada ya mazoezi, yalikuwa magumu kiasi gani kati ya 0 na 10, na jibu huzidishwa kwa dakika: mazoezi ya dakika 60 yaliyopewa 5 ni mzigo wa 300. Daftari na kalamu vinatosha, na uchovu wa baiskeli huingia ndani ya jibu.

Kihisi huipita njia hiyo katika kulinganisha mguu wa kulia na wa kushoto, hasa kwa anayerejea kutoka kwenye jeraha. Mguu uliopona nusu huamrishwa tofauti na mwenzake hata pale mwenyewe anapodai hauumi, na kocha huweza kupunguza kilomita kabla mkimbiaji hajaanza kuchechemea.