Kuinuka na Kuvunjika kwa Minnesota Kicks, 1976–1981: Watazamaji, Umiliki na Ukomo wa Timu ya Soka ya Kulipwa

1.0 Utangulizi

Minnesota Kicks ni timu ya soka ya kulipwa iliyodumu kwa misimu sita tu katika Ligi ya Soka ya Amerika ya Kaskazini (NASL), kuanzia mwaka 1976 hadi 1981. Katika muda huo mfupi ilitwaa ubingwa wa kundi lake kwa miaka minne mfululizo, ilicheza fainali moja ya ligi, na mara kadhaa ilijaza uwanja uliojengwa kwa ajili ya michezo mingine. Baada ya msimu wa 1981 ilivunjwa.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kuvunjika huko ni mepesi. Husemwa kwamba Wamarekani hawakuupenda mchezo huu kwa dhati. Kwamba watu wa Minnesota walivutiwa na kitu kipya na, upya wake ulipochakaa, wakarudi kwenye michezo waliyoizoea. Insha hii inayahoji maelezo hayo. Inadai kwamba hesabu za watazamaji zenyewe haziyaungi mkono kwa kiwango kinachodhaniwa, na kwamba chanzo cha kuvunjika kitafutwe zaidi katika namna timu ilivyomilikiwa na ligi ilivyopanuliwa kuliko katika mapenzi ya mashabiki. Ili kuitetea hoja hiyo, insha inaanza na asili ya timu, kisha inachambua mahudhurio, inamtazama mchezaji mmoja ambaye maisha yake yalitegemea timu za namna hii, na mwisho inajadili mazingira ya kuvunjika kwenyewe.

2.0 Asili ya Timu

Kicks haikuanzishwa na wanachama wa mtaa wala wafanyakazi wa kiwanda, kama zilivyoanza klabu nyingi za soka duniani. Katika mfumo wa NASL, timu ilikuwa kwanza ni haki ya kushiriki ligi, iliyonunuliwa na mwekezaji na ambayo angeweza kuiuza au kuihamisha. Haki iliyozaa Kicks ilitumika kwanza katika jimbo la Colorado, ambako timu iliyoitwa Denver Dynamos ilicheza misimu ya 1974 na 1975. Kundi la wafanyabiashara wa Minnesota lililoongozwa na Jack Crocker, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya vyakula ya Super Valu, liliinunua haki hiyo na kuihamishia kaskazini kwa ajili ya msimu wa 1976. Timu ambayo watu wa Minnesota waliipokea kama yao ilikuwa tayari imewahi kuwa ya watu wengine.

Kocha wake wa kwanza alikuwa Freddie Goodwin, Mwingereza aliyewahi kuichezea Manchester United na kuifundisha Birmingham City. Alijenga kikosi chenye sura ya Kiingereza: Alan Merrick katika ulinzi, kipa Geoff Barnett aliyetoka Arsenal, na washambuliaji Alan Willey na Ron Futcher. Katika safu ya kiungo alikuwamo Patrick Ntsoelengoe wa Afrika Kusini, aliyejulikana kwa jina la Ace, ambaye alikuja pamoja na timu kutoka Denver.

Uwanja wa nyumbani ulikuwa Metropolitan Stadium mjini Bloomington, kusini mwa Minneapolis. Uwanja huo, uliofunguliwa mwaka 1956, ulikuwa mali ya umma na ulitumiwa na timu ya besiboli ya Twins na timu ya futiboli ya Kimarekani ya Vikings. Kicks iliingia humo kama mpangaji wa tatu.

3.0 Watazamaji

3.1 Msimu wa kwanza

Mechi ya kwanza ya nyumbani, dhidi ya San Jose Earthquakes mwezi Mei 1976, ilihudhuriwa na watu zaidi ya 17,000. Mwezi Agosti mwaka huohuo timu hizo mbili zilikutana tena uwanjani hapo katika mchujo wa kuwania nafasi ya fainali, na safari hii watazamaji walikuwa 49,572. Kicks ilishinda kwa mabao 3–1. Siku chache baadaye ilifungwa 3–0 na Toronto Metros-Croatia katika fainali iliyochezwa Seattle; mmoja wa wafungaji wa siku hiyo alikuwa Eusébio, Mreno mzaliwa wa Msumbiji.

Kilichowavuta watu hakikuwa soka peke yake. Saa kadhaa kabla ya mechi, vijana walikuwa wamekwisha kujaza eneo la kuegesha magari, wakichoma nyama, wakinywa bia na kusikiliza muziki. Wachambuzi wanaolibeza soka la Minnesota huutumia ukweli huu kama ushahidi kwamba watu walifuata sherehe. Hata hivyo, hoja hiyo haina uzito mkubwa. Hakuna mchezo wa kulipwa usio na sherehe yake, na mashabiki wa Vikings walikuwa na desturi hiyohiyo katika eneo lilelile bila mtu yeyote kutilia shaka mapenzi yao kwa mchezo.

3.2 Hesabu za misimu sita

Jedwali lifuatalo linaonyesha wastani wa watazamaji katika mechi za kawaida za ligi, idadi ya mechi za nyumbani, na jumla ya makadirio inayopatikana kwa kuzidisha viwili hivyo.

| Msimu | Wastani | Mechi za nyumbani | Jumla (makadirio) |
|---|---|---|---|
| 1976 | 23,120 | 12 | 277,000 |
| 1977 | 32,775 | 13 | 426,000 |
| 1978 | 30,928 | 15 | 464,000 |
| 1979 | 24,580 | 15 | 369,000 |
| 1980 | 18,279 | 16 | 292,000 |
| 1981 | 16,605 | 16 | 266,000 |

Anayesoma safu ya wastani peke yake ataona anguko: kutoka 32,775 hadi 16,605, yaani karibu nusu. Usomaji huu ndio uliotawala simulizi. Lakini safu ya mwisho inaleta picha tofauti katika mambo matatu.

Kwanza, mwaka 1978, ambao kwa wastani unaonekana kuwa mwanzo wa kushuka, ndio uliokuwa na jumla kubwa kuliko yote. Pili, jumla ya msimu wa mwisho inakaribiana na ile ya msimu wa kwanza, uliosifiwa kuwa muujiza. Idadi ileile ya watu iliitwa ushindi mwaka 1976 na ikaitwa kushindwa mwaka 1981. Tatu, ongezeko la mechi kutoka 12 hadi 16 lilimaanisha kwamba mahudhurio yaleyale yaligawanywa katika siku nyingi zaidi, na kila siku ilikuwa na gharama zake. Ikumbukwe pia kwamba hata mwaka 1981 wastani wa Kicks ulikuwa juu ya wastani wa ligi nzima, uliokuwa takribani 14,000.

Hii haina maana kwamba hamasa haikupungua. Ilipungua. Sababu mojawapo ilikuwa ya kimichezo. Tarehe 14 Agosti 1978, Kicks iliwafunga New York Cosmos mabao 9–2 huko Bloomington, Willey akifunga matano. Chini ya kanuni za ligi hiyo, ushindi wa mechi moja, hata uwe mkubwa namna gani, haukubebwa kwa hesabu ya mabao kwenda mechi ya pili. Siku mbili baadaye Cosmos walishinda 4–0 nyumbani kwao. Timu zikawa zimeshinda mechi moja kila moja, hivyo ukachezwa mchezo mfupi wa dakika 30 ambao haukutoa bao, na Cosmos wakapita kwa mikwaju ya kuamua mshindi. Mashabiki waliokuwa wameshuhudia mabao tisa walitakiwa kukubali kwamba timu yao imetolewa. Kicks haikufika tena fainali ya ligi.

4.0 Ntsoelengoe na Thamani ya Timu Isiyodumu

Historia ya timu iliyokufa mapema huelekea kuandikwa kama historia ya wamiliki wake. Maisha ya Ace Ntsoelengoe yanatulazimu kuitazama kwa namna nyingine. Aliichezea Kicks katika misimu yake yote sita, na kwa miaka mingi alikuwa akirudi nyumbani baada ya msimu wa Marekani kuichezea Kaizer Chiefs. Njia hiyo ilikuwa imefunguliwa na Kaizer Motaung, aliyecheza Atlanta Chiefs kabla ya kuanzisha klabu hiyo ya Afrika Kusini mwaka 1970.

Kwa sababu ya siasa ya ubaguzi wa rangi, Afrika Kusini ilikuwa imetengwa na Shirikisho la Soka Duniani, na mwaka 1976 ikafukuzwa kabisa uanachama. Ntsoelengoe hakupata nafasi ya kucheza Kombe la Dunia wala mashindano ya Afrika. Kwa hiyo, nje ya nchi yake, kumbukumbu za uwezo wake zimehifadhiwa karibu zote na timu za NASL: Miami, Denver, Minnesota na Toronto. Mwaka 2003 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Soka la Marekani. Alifariki mwaka 2006.

Mfano huu una uzito kwa mwanahistoria. Iwapo kipimo cha umuhimu wa timu ni urefu wa maisha yake, basi Kicks ni tanbihi. Lakini kwa mchezaji aliyefungiwa milango ya mashindano ya kimataifa, misimu sita ya Minnesota ilikuwa sehemu kubwa ya uwanja wa dunia aliokuwa nao. Timu ilipovunjwa, kilichopotea si biashara tu. Ilipotea pia mojawapo ya sehemu chache ambako kazi yake ingeweza kuonwa na watu wa nje ya Afrika Kusini.

5.0 Kuvunjika

Mambo matatu yaliifikisha timu mwisho wake, na hakuna hata moja lililokuwa mikononi mwa mashabiki.

La kwanza ni upanuzi wa ligi. NASL ilipanda kutoka timu 18 mwaka 1977 hadi 24 mwaka 1978. Ongezeko hilo liliongeza safari na kuzigombanisha timu juu ya wachezaji walewale wa Ulaya na Amerika ya Kusini. Cosmos, waliomsajili Pelé mwaka 1975 na kuungwa mkono na kampuni kubwa ya Warner, waliweka kiwango cha matumizi ambacho timu za mikoani zilijaribu kukifuata bila kuwa na mfuko wa aina hiyo. Kituo cha televisheni cha ABC kilianza kurusha mechi za ligi mwaka 1979, lakini matumaini ya kupata mapato ya kudumu kutoka huko yalififia baada ya msimu wa 1980.

La pili ni mabadiliko ya umiliki. Mwishoni mwa mwaka 1980 wamiliki wa Minnesota waliiuza timu kwa Ralph Sweet, mfanyabiashara kutoka Uingereza. Wamiliki wa awali walikuwa wakazi wa eneo hilo, wenye biashara na sifa ya kulinda miongoni mwa majirani zao. Mmiliki mpya hakufungwa na uhusiano huo. Alishika timu kwa msimu mmoja tu.

La tatu ni uwanja. Twins na Vikings walikuwa wakijiandaa kuhamia Metrodome, uwanja mpya wenye paa katikati ya Minneapolis, ambao ulianza kutumika mwaka 1982. Metropolitan Stadium ulikuwa unaachwa na wapangaji wake wakubwa. Kicks haikuwa na uwanja wake, wala uwezo wa kuutunza ule wa umma peke yake.

Baada ya msimu wa 1981 timu saba ziliondoka katika ligi, Kicks ikiwa mojawapo. Ligi iliyokuwa na timu 21 ilibaki na 14. Mwaka 1984 zilibaki tisa, na mwaka 1985 NASL yenyewe ikafungwa. Kwa mtazamo huu, Minnesota haikuwa kesi ya pekee ya mji uliochoka na soka. Ilikuwa sehemu ya jengo lililobomoka kuanzia msingi, na ilianguka licha ya kuwa na watazamaji wengi kuliko timu kadhaa zilizosalia.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba maelezo ya kuchakaa kwa upya hayatoshi kuelezea kuvunjika kwa Minnesota Kicks. Mahudhurio ya jumla katika msimu wa mwisho yalikaribia yale ya msimu wa kwanza. Kilichobadilika zaidi ni gharama, idadi ya mechi, umbali wa mmiliki na hatima ya uwanja. Mashabiki walinunua tiketi lakini hawakuwa na hisa wala kura. Haki ya kushiriki iliyoletwa kutoka Denver bila kuulizwa watu wa Denver iliweza kuzimwa bila kuulizwa watu wa Minnesota.

Yaliyofuata yanaunga mkono hoja hii. Mwaka 1984 Minnesota Strikers ilihamia huko kutoka Fort Lauderdale, ikacheza msimu mmoja wa NASL na kisha kuendelea na soka ya ndani hadi mwaka 1988. Mwaka 1990 ikaanzishwa Minnesota Thunder, na tangu mwaka 2017 Minnesota United inashiriki ligi kuu ya Marekani, ikiwa na uwanja uliojengwa mahsusi kwa soka mjini Saint Paul tangu 2019. Mahali pa Metropolitan Stadium, uliobomolewa mwaka 1985, leo pana jengo la maduka la Mall of America. Mapenzi ya soka, basi, hayakufa mwaka 1981. Yalikosa tu mahali pa kukaa. Kwa watafiti wa historia ya michezo, funzo ni kwamba orodha ya watazamaji isomwe sambamba na hati ya umiliki. Ikisomwa peke yake, ni rahisi kuwalaumu waliokuja uwanjani kwa maamuzi yaliyofanywa na wengine.