Sega: kampuni ya Kijapani iliyovaliwa kifuani na Arsenal

Katika eneo la Woolwich, kusini-mashariki mwa London, bado limesimama lango la Dial Square, karakana ya kiwanda cha silaha cha serikali ambako wafanyakazi waliunda timu ya kandanda mwaka 1886. Timu hiyo ndiyo Arsenal ya leo. Zaidi ya karne moja baadaye, jezi zake zilibeba jina la Dreamcast, mashine ya michezo ya video iliyotengenezwa na kampuni ya Sega ya Japan.

Mashabiki wengi wa Afrika Mashariki walilisoma jina hilo kifuani mwa Thierry Henry, Patrick Vieira na Nwankwo Kanu kabla hawajaiona mashine yenyewe.

Asili ya Kimarekani

Ingawa Sega ni kampuni ya Kijapani, mizizi yake iko Hawaii. Wafanyabiashara wa Kimarekani waliokuwa wakiuza mashine za sarafu katika kambi za jeshi walianzisha Service Games, na jina Sega limetokana na herufi mbili za mwanzo za kila neno. Marekani ilipobana biashara ya mashine za kamari katika miaka ya 1950, walihamishia shughuli zao Tokyo.

Kampuni iliyorithi biashara hiyo iliundwa mwaka 1960. Mwaka 1965 iliungana na kampuni ya David Rosen, aliyewahi kutumikia jeshi la anga la Marekani, na ikaitwa Sega Enterprises. Mwaka 1969 iliuzwa kwa kampuni ya Kimarekani ya Gulf and Western, na mwaka 1984 ikanunuliwa na wawekezaji waliokuwa pamoja na kampuni ya Kijapani ya CSK, iliyoongozwa na Isao Okawa.

Kupanda na kuanguka

Mashine ya Mega Drive ya mwaka 1988, pamoja na mchezo wa Sonic wa mwaka 1991, iliifanya Sega kuwa mpinzani mkubwa wa Nintendo. Lakini Saturn, iliyotoka mwaka 1994, ilishindwa kufua dafu mbele ya PlayStation ya Sony.

Matumaini ya Sega yakawa Dreamcast, iliyozinduliwa Japan mwezi Novemba 1998 na Ulaya mwezi Oktoba 1999. Ilikuwa na modemu ndani yake, hivyo wachezaji waliweza kushindana kupitia intaneti. Ili kuitangaza Ulaya, Sega ilidhamini vilabu vya kandanda. Arsenal ilikuwa miongoni mwao, na Sega ikachukua nafasi ya kampuni nyingine ya Kijapani, JVC.

Tangazo halikutosha. Mwaka 2000 Sony ilileta PlayStation 2, na tarehe 31 Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza Dreamcast, baada ya kuuza mashine zipatazo milioni 9. Okawa, aliyefariki dunia mwezi Machi mwaka huo, alikuwa ameisamehe kampuni madeni yake na kuikabidhi hisa zenye thamani ya karibu dola milioni 700. Bila msaada huo, huenda Sega isingenusurika.

Mwaka 2002 Arsenal ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu na Kombe la FA, ikiwa imevaa jina la mashine ambayo haikuwa ikitengenezwa tena.

Kubadilika ili kuishi

Klabu hiyo nayo iliwahi kufikia ukingo wa kuangamia. Iligeuzwa kampuni mwaka 1893, ikafilisika mwaka 1910 kwa uhaba wa watazamaji, na mmiliki mpya, Henry Norris, akaihamishia Highbury, kaskazini mwa mto Thames, mwaka 1913. Woolwich ikabaki bila timu, lakini timu ikabaki hai.

Sega nayo iliachana na mashine za nyumbani na kubaki kuandaa michezo, hata kwa ajili ya mashine za wapinzani wake wa jana. Mwaka 2004 iliungana na Sammy, watengenezaji wa mashine za kamari, biashara iliyofanana na ile iliyoanza nayo. Mwaka 2006 iliinunua Sports Interactive ya London, waandaaji wa Football Manager, mchezo ambao humkabidhi mchezaji kazi ya kuendesha klabu, ikiwemo ile iliyozaliwa katika karakana ya Woolwich.